Mama Aliyerudi Majini Mara Tatu

Si jambo geni katika familia zetu kusikia ikisemwa kwamba mwanamke fulani wakati wake umepita. Ameolewa, amezaa, basi alichokianza usichanani hatakimaliza tena. Juma hili tumeona vyema tuwasimulie wasomaji wetu habari za Birgit Fischer, mpiga kafi wa Ujerumani, ambaye angeweza kuambiwa maneno hayo mara tatu.

Fischer alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa Brandenburg, kando ya mto Havel, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Alianza kupiga kafi angali mtoto, na kaka yake, Frank, naye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Mchezo wao ni mbio za kayaki, chombo chembamba ambacho mpiga kafi huketi akitazama mbele, ameshika kafi moja lenye bapa pande zote mbili. Chombo huchukua mtu mmoja, wawili au wanne, na mbio za mita 500 humalizika kwa takriban dakika mbili. Katika kayaki ya watu wanne, makafi yote hayana budi kuingia majini kwa pamoja. Anayetangulia au kuchelewa huwavurugia wenzake mwendo, hata akiwa na nguvu kuwashinda.

Mwaka 1980, mjini Moscow, Fischer alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mtu mmoja akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1984 alikuwa bingwa wa dunia, lakini nchi yake ilisusia michezo ya Los Angeles. Nafasi ile ikampita bila ya kosa lake.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1986. Miaka miwili baadaye, mjini Seoul, mama huyo alipata dhahabu mbili na fedha moja, na mumewe wa wakati huo, Jörg Schmidt, akapata fedha katika mbio za mitumbwi. Huko ndiko kurudi kwa kwanza.

Mwaka 1989 alizaliwa mtoto wa pili, na mwaka uliofuata nchi aliyoitumikia ikatoweka katika ramani, Ujerumani mbili zilipoungana. Hata hivyo, mwaka 1992 mjini Barcelona, chini ya bendera nyingine, alishinda tena mbio zilezile alizozishinda Moscow miaka 12 kabla. Atlanta mwaka 1996 akaongeza dhahabu moja, na Sydney mwaka 2000 dhahabu mbili. Kisha akastaafu.

Kurudi kwa tatu ndiko kunakotustaajabisha zaidi. Mwaka 2004 mjini Athens, akiwa na umri wa miaka 42, aliketi katika kayaki ya watu wanne pamoja na Carolin Leonhardt, binti ambaye alikuwa hajazaliwa Fischer alipopata dhahabu yake ya kwanza. Makafi yao yaliingia majini kwa pamoja, wakaipita Hungaria kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa jumla Fischer alipata medali 12 za Olimpiki, 8 kati yake za dhahabu. Mwaka 2008, mjini Beijing, binti wa kaka yake, Fanny Fischer, naye akatwaa dhahabu katika mbio hizohizo za watu wanne.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba kila mama atakuwa bingwa. Tunasema tu kwamba mama mwenye mtoto mchanga hawezi kurudi mafunzoni, wala kazini, pasipo mtu wa kumshika mtoto huyo. Yuko miongoni mwetu dada aliyeacha chuo alipojifungua, na vitabu vyake vingali kabatini. Kabla hatujasema kuwa wakati wake umepita, tujiulize: ni nani nyumbani humo aliyewahi kumwambia, "Nenda, mtoto nitabaki naye"?