Chungulia nyuma ya ua, uone ua

JE, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipoinama kutazama ua ambalo hukulinunua?

Wenzetu wa Ulaya husubiri majira ya baridi yapite, ndipo watoke na kamera zao kupiga picha maua ya mwituni. Sisi tuna bahati. Hapa Kenya maua hayangoji theluji iyeyuke. Hungoja mvua tu. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba zikinyesha, mitaro, kando za reli na viwanja vitupu vya Nairobi huchanua. Taabu ni kwamba sisi hupita mbio kuwahi matatu.

Mimi nilifumbuliwa macho na binti yangu. Mwalimu alimwagiza alete picha za maua matatu yanayomea karibu na nyumbani. Nilimjibu kwamba mtaani kwetu hamna maua, angoje Jumamosi nimpeleke bustani ya miti ya Arboretum. Hakungoja. Alichukua simu ya mama yake, akaenda na kakake kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba, na baada ya nusu saa akarudi na picha za maua kumi na moja!

La kwanza lilikuwa lile ua dogo la samawati la kongwe, mmea ambao Wakikuyu huuita mukengeria na wengi wetu huwakatia sungura. Huchanua asubuhi na kunyauka siku iyo hiyo. Lina petali mbili kubwa na ya tatu ndogo, hafifu. Mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus (1707-1778), aliupa mmea huu jina la ukoo wa Commelijn wa Uholanzi: wawili wao walikuwa wasomi mashuhuri wa mimea, na wa tatu alifariki kabla ya kutimiza lolote. Nimeng'oa magugu hayo tangu utotoni nisijue yamebeba msiba wa watu.

Kulikuwa pia na lantana, mgeni kutoka Amerika, ambayo vijiua vyake hufunguka vikiwa vya manjano kisha hubadili rangi vinapozeeka. Hata kichoma mguu, ambacho mbegu zake hung'ang'ania soksi, kilipendeza.

Nawe unaweza. Huhitaji kamera ya bei ghali. Futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini. Toka asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, au siku ya mawingu. Piga magoti hadi simu iwe sawa na ua. Picha inayopigwa ukiwa umesimama huonyesha nyasi tu. Usisogee mno, la sivyo picha itakuwa na ukungu. Gusa ua kwenye skrini, ngoja upepo utulie, kisha piga. Piga na majani pia, kwa maana ndiyo husaidia kuutambua mmea. Usilichume, mwachie nyuki na mpita njia mwingine.

Hata hivyo, waonye watoto wasionje chochote. Mnanaha, wenye ua refu mithili ya tarumbeta, una sumu kali, mbegu zake hasa.

Mwezi mmoja baadaye, kiwanja kile kilizungushiwa mabati na tingatinga likaingia. Leo pana jengo la ghorofa. Simlaumu mwenyewe, kwani watu wanahitaji pa kulala. Lakini binti yangu aliniuliza, "Baba, yale maua yamehamia wapi?" Sikuwa na jibu. Yaliyosalia ni picha kumi na moja, na laiti tungaliandika tarehe na mahali pa kila moja! Wataalamu wa mimea katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, hufanya hivyo kwa kila mmea wanaoukausha na kuuhifadhi, ili atakayekuja baadaye ajue nini kilimea wapi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hivyo, ukishamaliza chai ya leo, waite watoto, mchukue simu na daftari, mzunguke nyumba. Tafuteni maua matatu tu. Fanyeni hivyo kabla mabati hayajafika.