Mkufu wa Maji: Kuupima Uso Uliozaliwa Sasa Hivi



Mimineni maji kutoka jagi lenye mdomo mwembamba mrefu, muyatazame vizuri yanavyoshuka. Hayashuki kama fimbo. Yanajipinda mfano wa mkufu: pete ya kwanza imelala upande huu, ya pili upande ule, ya tatu kama ya kwanza. Mkufu huo ni kipimo, tena kwangu ni katika vipimo vizuri kabisa vya fizikia, ingawa mimi nilikuwa karani tu na hesabu zangu zilikuwa za leja.

Uso wa maji hujivuta kama ngozi ya ngoma. Shuleni kwa mapadri tulioneshwa sindano iliyolala juu ya maji ya bakuli bila kuzama, tukaambiwa huo ndio mvutano wa uso. Lakini maji ya bakuli yametulia, uso wake ni wa zamani. Je, uso uliozaliwa sasa hivi unavuta sawasawa na ule mkongwe? Sindano haiwezi kujibu.

Mwingereza Lord Rayleigh alionesha njia mwaka 1879. Maji yakitoka kwa kasi katika tundu lenye umbo la yai, ngozi yake hutaka kuyafanya duara. Huvuta upande mrefu uingie ndani, lakini maji yakishapata mwendo hayasimami hapo. Hupitiliza, yakawa yai lililolala upande wa pili, kisha yakarudi. Kwa kuwa mchirizi unakwenda mbele huku ukibadilika, pete huonekana zimesimama mahali pamoja. Ngozi ikivuta kwa nguvu, pete huwa fupi. Ikilegea, huwa ndefu. Ukijua kasi, unene wa mchirizi na uzito wa maji yenyewe, urefu wa pete unakupa mvutano.

Tena mkufu huo ni saa. Mchirizi ukienda mita 2 kwa sekunde, uso ulio sentimita 2 kutoka tunduni una umri wa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mwaka 1890 Rayleigh alichapisha vipimo vya maji ya sabuni. Yakitulia, mvutano wake huwa chini ya nusu ya ule wa maji matupu. Yakiwa mapya, aliukuta karibu sawa na wa maji matupu. Sabuni imo, ila haijafika usoni. Iko njiani, kama wageni wa harusi zetu.

Mwaka 1905 Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Denmark ilitangaza shindano juu ya njia hii. Niels Bohr, mwanafunzi wa Copenhagen, alifanya majaribio katika maabara ya baba yake. Alitengeneza mwenyewe mirija ya kioo, akafanya kazi usiku, maana pirikapirika za barabarani mchana ziliutikisa mchirizi. Akasahihisha hesabu za Rayleigh kwa kuingiza mnato wa maji. Mwaka 1907 alipewa medali ya dhahabu. Nobel yake ya 1922, ya mambo ya atomu, inajulikana. Hii ya maji wachache huitaja.

Sasa fikirini dawa inayopulizwa kwenye mtende. Makuti yana nta, na tone lina muda mdogo mno kati ya kutoka kwenye pampu na kugonga. Kilichotiwa kulegeza uso wake kikichelewa, tone hudunda likaanguka mchangani. Ndiyo maana watengenezaji wa dawa hizo, na wa wino wa printa unaorushwa matone matone, huuliza mvutano wa uso wenye umri wa sehemu za elfu za sekunde, si wa bakuli lililolala usiku kucha.