Umeme Mkali Ndani ya Kifaa Kilichochomolewa: Maelezo kwa Wapenda Ufundi wa Nyumbani

Kijarida hiki kimeandikwa kwa ajili ya kaya zenye mtu apendaye kufungua redio, kutengeneza spika au kuunda vitu kutokana na vifaa vilivyotupwa. Ni ufundi wa kuheshimika, na wengi mliujifunza kwenye vibanda vya mafundi kabla ya kufika Marekani. Hata hivyo, kipo kifaa kimoja ambacho tunaomba kisifunguliwe kabisa na asiyesomea kazi hiyo, nacho ni maikrowevu.

Umeme wa nyumbani hapa ni volti 120, ilhali Afrika Mashariki ni kati ya volti 220 na 240. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba umeme wa hapa hauui. Unaua. Tena ndani ya maikrowevu haubaki volti 120: transfoma huupandisha hadi takriban volti 2,000, kisha kapasita na dayodi huuzidisha zaidi ili kuendesha magnetroni, yaani sehemu inayotoa mawimbi ya kupashia chakula. Cheche inayokuchoma unapovua sweta wakati wa baridi nayo huwa ya volti elfu kadhaa, lakini hudumu kufumba na kufumbua. Transfoma hii huweza kuendelea kusukuma mamia ya miliampia. Miliampia 10 hadi 20 zikipita mkononi hukaza misuli hata mtu ashindwe kuachia waya. Zikifika 100 na kupita kifuani, mpigo wa moyo huvurugika.

Kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita huhifadhi umeme kama mtungi uhifadhivyo maji. Kwa kawaida ndani yake mna kizuizi kidogo cha kuuondoa umeme huo polepole, lakini kizuizi kikiharibika hakuna dalili yoyote ya nje, na umeme hubaki humo ukimngoja atakayegusa. Wala msitegemee soketi ya usalama yenye kitufe, ile ya jikoni au bafuni. Soketi hiyo hukata umeme unaovuja kutoka kwenye nyaya za nyumba. Umeme wa upande wa pili wa transfoma huzunguka na kurudi kwenye transfoma yenyewe, na soketi haiutambui.

Tunasisitiza jambo hili hasa kwa sababu ya video zinazoonyesha namna ya kuchoma michoro ya matawi juu ya mbao kwa kutumia transfoma ya maikrowevu. Michoro hiyo hupendeza, hatukatai. Lakini watu wamekufa kwa kazi hiyo nchini humu, na chama cha wakereza mbao, American Association of Woodturners, kimeipiga marufuku katika shughuli zake. Kijana wako akiomba maikrowevu mbovu, muulize anaitakia nini.

Televisheni za zamani zenye kioo kizito hufikia volti zaidi ya 20,000. Taa ya kamera huwa na takriban 300, na hata chaja ya simu iliyofunguliwa huwa na 170 hivi. Anayetaka kujifunza atumie betri au adapta iliyofungwa ya volti 5 au 12. Ufundi wote wa msingi waweza kujifunzwa hapo. Avue pete na saa, na asifanye kazi akiwa peke yake nyumbani.

Mtu akinaswa, usimguse. Kule nyumbani tulifundishwa kumsukuma kwa mti mkavu. Kwa volti kubwa kama hizi mti si kinga ya kutegemewa. Zima swichi kuu ya nyumba kwanza, kisha piga 911 na useme neno “Swahili”. Vituo vingi huunganisha mkalimani. Ikiwa hapumui, anza kumkandamiza kifua kwa nguvu, katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Aliyepigwa na volti kubwa aende hospitali hata kama anajiona mzima, kwa kuwa jeraha dogo la ngozi huweza kuficha madhara ya misuli na moyo. Wengine husita kwa kuogopa gharama. Tangu mwaka 1986, sheria ya shirikisho inazitaka hospitali zenye idara ya dharura zinazopokea fedha za Medicare kumchunguza na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kujali kama ana bima, uwezo wa kulipa au hati za ukaazi. Omba mkalimani pale mapokezi. Hutatozwa malipo kwa huduma hiyo.