Maji ya Kijani, Kutoka Tangi la Samaki hadi Ziwa Nakivale

Mkazi wa Mbarara, Uganda, anayefuga samaki sebuleni hujaza tangi lake kwa maji ya bomba, na maji ya bomba ya mji huo asili yake ni Mto Rwizi. Wiki za mwanzo mambo huwa shwari. Kisha kioo kinaota utando, maji yanakuwa mazito kama uji wa mchicha, na samaki hawaonekani tena. Wengi hapo humwaga maji yote, wakasugua kila jiwe kwa sabuni na kuanza upya. Kijani hurudi, na safari hii samaki huanza kufa.

Kijani hicho ni mwani: viumbe vidogo mno vinavyoishi kwa mwanga, kabonidayoksaidi, na chumvichumvi zenye naitrojeni na fosforasi. Kumwaga maji hakugusi chanzo. Chakula kilichobaki huoza pamoja na kinyesi cha samaki, na humo hutoka amonia, ambayo ni sumu. Kwenye changarawe na sponji ya kichujio huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu. Wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia na mwani huila kwa pupa. Katika tangi jipya bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Anayesugua kila kitu, au kuosha sponji kwa maji yenye klorini, huwaua, na amonia hupanda bila kizuizi.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wapya hawalioni kwa sababu hutokea wakiwa wamelala. Mchana mwani huvuta kabonidayoksaidi majini, asidi hupungua na pH hupanda; maji yakiwa ya kijani sana inaweza kupita 9. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile aina kali inayochoma matamvua. Usiku ukiingia, mwani huohuo hupumua na kugombea oksijeni na samaki. Ndiyo maana samaki hufa alfajiri. Huonekana wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, wakihema harakaharaka. Mfugaji wa ngege bwawani anaijua alama hiyo.

Tiba yake ni ya polepole. Tangi likae mbali na dirisha la jua, taa iwashwe saa sita hadi nane tu, na samaki wapewe kile watakachomaliza kwa dakika mbili au tatu. Kila wiki ibadilishwe robo ya maji, si yote, na maji mapya ya bomba yalale kwanza kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini iondoke. Sponji isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini. Mimea hai husaidia kuliko dawa yoyote ya dukani, kwa kuwa inakula chakula kilekile cha mwani.

Kemia hiyohiyo ndiyo inayotawala Ziwa Nakivale, wilayani Isingiro, na huko mambo ni mazito zaidi. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianza mwaka 1958, na leo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali huishi humo wakilitegemea ziwa kwa maji, samaki na mifugo. Maji yake ni ya kina kifupi, jua ni kali mwaka mzima, na mvua huteremsha udongo wa mashamba na samadi ya ng'ombe. Humo mna fosforasi, na nguvu yake ilionekana mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, pale mwanasayansi David Schindler na wenzake walipolikata ziwa dogo katikati kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hivyohivyo, kisha wakaongeza fosforasi. Ule wa pili tu ndio uliogeuka kijani kibichi.

Kwenye maji ya namna hiyo hustawi bakteria wa kijani-buluu, na baadhi yao hutoa sumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu maziwa ya Uganda, likiwemo Mburo, jirani wa Nakivale, ulihusu mmoja wao, Microcystis, na sumu yake iitwayo maikrosistini, inayoshambulia ini. Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha mikrogramu moja tu kwa lita ya maji ya kunywa. Huko Caruaru, Brazili, mwaka 1996, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walikufa baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hizo.

Kushuku hatari hakuhitaji maabara. Chukua kijiti, kichovye kwenye ute wa kijani na ukiinue. Kikitoka na nyuzinyuzi zinazoning'inia, huenda huo ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kama kilichochovywa kwenye rangi ya ukuta, shuku bakteria wa kijani-buluu. Au jaza chupa safi, iache bila kuitikisa usiku kucha: kijani kikielea juu badala ya kuzama, maji hayo yasinywewe na mtu wala mnyama.

Kuchemsha, ambako huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, hakuivunji maikrosistini. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu huzidi kukolea. Kutia klorini moja kwa moja kwenye ute nako hupasua seli na kuimwaga sumu iliyokuwa ndani. Mtambo wa kusafisha maji unapaswa kwanza kuzigandisha seli kwa shabu, kuziacha zizame, kuyachuja maji kwa mchanga, ndipo klorini iingie, tena pH ikiwa chini ya 8. Asiye na bomba karibu achote mbali na ute. Upepo huukusanya upande mmoja wa ziwa, na asubuhi inayofuata unaweza kuwa umehamia upande mwingine.