Mchwa na Uyoga: Wakulima Waliotutangulia



Qur'ani Tukufu haikuwadharau viumbe wadogo. Sura ya 27 imepewa jina la chungu, An-Naml, na ndani yake imesimuliwa habari ya chungu aliyewaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na majeshi ya Nabii Suleiman (A.S.). Katika Sura ya 34, Sabaa, twasoma kwamba Nabii huyo alipofariki hali ameegemea fimbo yake, majini waliendelea kumtumikia pasi na kujua, hata mdudu wa ardhini alipoila fimbo ile naye akaanguka. Wafasiri wengi wamesema kuwa mdudu huyo ni mchwa. Basi leo na tuwatazame viumbe hawa wawili, kwani wote wamejaaliwa elimu ya kilimo.

Katika nchi za joto za bara la Amerika wako chungu wanaokata majani mabichi na kuyabeba kwa misururu hadi shimoni. Watu walidhani kwamba wanayala majani hayo. Mwaka 1874 Mwingereza Thomas Belt, aliyewachunguza huko Nicaragua, alieleza katika kitabu chake kuwa majani yale ni mbolea tu: chungu huyatafuna, wakaotesha ukungu juu yake, na ukungu huo ndio chakula chao. Malkia kijana anapoondoka kwenda kuanzisha makao mapya huchukua kipande cha ukungu ndani ya kinywa chake, mfano wa mkulima anayehama na mbegu zake.

Afrika haina chungu wa aina hiyo, lakini kazi hiyo hapa kwetu hufanywa na mchwa. Mchwa, ingawa wengi humdhania kuwa ni chungu mweupe, kwa nasaba yu karibu zaidi na mende. Mchwa wakulima hula miti mikavu na majani makavu, na kinyesi chao hukijenga ndani ya kichuguu mfano wa sega la nyuki. Juu ya sega hilo huota ukungu unaovunjavunja sehemu ngumu za mti ambazo tumbo la mchwa haliziwezi, kisha mchwa hula ukungu pamoja na sega lililokomaa. Mchwa bila ukungu hufa njaa, na ukungu bila mchwa hukosa wa kuulisha na kuulinda. Mvua zinapokuja, katika aina nyingi ukungu huo hupenya udongo kwa mzizi mrefu na kuchomoza juu ya ardhi kama uyoga. Nchini Zambia kuna aina ambayo kofia yake yaweza kufikia upana wa mita moja.

Je, kilimo hiki kilianza lini? Jawabu limepatikana jirani kabisa na wasomaji wetu wa Suma, wilayani Rungwe. Mtu akitoka Suma akapita Tukuyu hadi Mbeya, kisha akaelekea magharibi, hufika Bonde la Ufa la Rukwa. Katika miamba ya bonde hilo watafiti walikuta viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, na ndani yake masega ya ukungu yangali mahali pake. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria umri wake kuwa miaka milioni 25. Kilimo cha mwanadamu hakizidi sana miaka 12,000. Subhanallah! Jembe la kwanza halikushikwa na mwanadamu.

Hata hivyo, mchwa ni mtihani kwa mwenye nyumba na mwenye shamba. Hula maboriti na milango, na hukata mahindi yakiwa bado machanga. Sheria yetu haimkatazi mtu kujikinga na madhara. Lakini imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa Nabii mmoja aliumwa na chungu akaamuru kijiji kizima cha chungu kichomwe moto, naye akalaumiwa na Mola wake kwa kuuangamiza umma unaomsabihi kwa sababu ya chungu mmoja. Mafunzo yake yako wazi: anayedhuru azuiwe kwa kadiri ya madhara yake. Mchwa waliovamia nyumba waondolewe, ama kichuguu kilichoko mbali porini kina kosa gani? Mchwa huyarudisha ardhini yaliyokufa, na wakulima wengi wa kusini mwa Afrika huutawanya udongo wa vichuguu mashambani mwao kwa ajili ya rutuba yake.

Liko na jambo la hatari zaidi. Baba amwagapo sumu kwenye kichuguu bila kuwaambia jamaa zake, huenda mvua zikija watoto wakachuma uyoga mahali hapo hapo na kumletea mama jikoni. Kila aliyetia sumu na awajulishe watu wa nyumbani na majirani, na uyoga wa hapo usiliwe.

Vivyo hivyo, watoto wasitumwe peke yao kuchuma uyoga. Uko uyoga wenye sumu kali unaofanana na ule mwema, na kuupika hakuiondoi sumu hiyo. Dalili zake zaweza kuchelewa hadi saa 12 au zaidi, wakati ini limekwisha kuanza kudhurika. Usioujua kwa yakini uache, na aliyekula akaanza kutapika au kuharisha apelekwe hospitali upesi pamoja na mabaki ya uyoga huo. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzingatia. Wallahu a'alam.