Tambi Mbichi Jikoni Gisozi
Gisozi, Kigali, inasifika kwa maseremala wa karakana za Agakiriro. Anayetaka kujitengenezea tambi nyumbani anaweza kuwaagiza kitundikio cha kuzianikia. Mashine ndiyo yenye masharti: mikseri ya mezani ya soko la Marekani hutumia volti 120, na umeme wa Rwanda ni 230. Bila transfoma, itaungua.

Yai 1 kwa gramu 100 za unga wa ngano. Donge hukandwa, hufunikwa, hupumzishwa nusu saa.

Kisha roli ya kusukumia donge hufungwa kwenye tundu la mbele la mikseri. Donge hupitishwa kwenye nafasi pana, hukunjwa, hurudishwa, ndipo nafasi ipunguzwe kidogo kidogo mpaka kivuli cha vidole kionekane upande wa pili. Kikatio humalizia. Tambi hizi huiva kwa dakika 2 au 3 tu. Mpishi akienda kumenya kitunguu, atakuta zimeshavurugika.