Kodi Imelipwa, Karatasi Hazijafika: Je, Motokaa Iende?

  Wale mliokusanyika kwa vikundi, naomba mmoja wenu ashike kalamu, maana mwishoni nitatoa maswali ya kuzungumza pamoja.

Leo tunakwenda Uingereza. Huenda mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, sheria za motokaa za Uingereza zatuhusu nini sisi?" Zatuhusu, kwa sababu watoto wetu na ndugu zetu wako huko. Wako wauguzi, wako madereva, wako wanafunzi. Wengi hununua motokaa kwa kuwa kazi zao huanza alfajiri, kabla basi la kwanza halijapita. Na liko jambo moja linalowababaisha. Mtu amenunua motokaa, amelipa kodi yake, lakini karatasi hazijaletwa na posta. Je, aiendeshe, au aiache mlangoni mpaka tarishi abishe hodi?

Swali hili si dogo. Akiogopa bure, atakosa kazi na mshahara. Akijiamini bila kujua, atatozwa faini, na pengine motokaa itachukuliwa. Basi tulichambue polepole.

Kwanza tujue mambo yalivyokuwa zamani. Tangu tarehe 1 Januari 1921, kila motokaa ya Uingereza ilipaswa kuonyesha kibandiko cha duara kwenye kioo cha mbele. Kibandiko hicho kilikuwa ushahidi kwamba kodi imelipwa. Askari alisimama kando ya barabara, akakitazama, akasoma tarehe, akajua. Wakati huo hofu ya kuendesha bila karatasi ilikuwa na maana, kwa sababu karatasi yenyewe ndiyo iliyotazamwa.

Lakini tarehe 1 Oktoba 2014 desturi hiyo ilikoma. Tangu siku hiyo hakuna kibandiko cha kodi. Kodi haikuondolewa; ushahidi wake ndio uliohama kutoka kiooni hadi katika daftari la serikali. Daftari hilo hutunzwa kwa mitambo ya kompyuta na ofisi iliyoko Swansea, ambayo watu huiita kwa herufi zake, DVLA. Askari wa leo hatazami kioo. Ana kamera zinazosoma namba ya motokaa na kuilinganisha na daftari.

Msichanganye jambo hili na letu. Tanzania Bara iliiondoa ada ya leseni ya motokaa ya kila mwaka katika mwaka 2017, na fedha zake zikatafutwa katika bei ya mafuta. Uingereza haikufanya hivyo. Huko kodi ya motokaa ingalipo, na kila motokaa iendayo barabarani lazima iandikishwe kwa kodi, hata zile za zamani sana ambazo kodi yake ni sifuri.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme yuko muuguzi mmoja atokaye Mombasa, anafanya kazi hospitalini katika mji wa Leeds. Jumamosi ananunua motokaa iliyokwisha kutumika. Jumatatu alfajiri anatakiwa kazini. Muuzaji anamwambia, "Dada, usihangaike, nimelipa kodi mpaka Desemba."

Ndugu zangu, hapo ndipo mtego ulipo. Yawezekana kabisa muuzaji asemi uongo: alilipa kweli. Lakini tangu Oktoba 2014 kodi haifuatani na motokaa inapouzwa. Muuzaji akiiarifu DVLA kwamba ameuza, kodi yake hukoma, naye hurudishiwa fedha za miezi kamili iliyobaki. Mnunuzi hana budi kulipa yake mwenyewe, tena kabla ya kuiondoa motokaa pale ilipo. Hata safari ya kuipeleka nyumbani ni safari ya barabarani.

Tena kodi ya mnunuzi huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi anaponunua, na muuzaji harudishiwi chochote kwa mwezi ule uliokwisha kuanza. Kwa hiyo mwezi mmoja hulipiwa mara mbili na watu wawili. Wengi hulalamika, lakini ndiyo sheria.

Je, atalipaje na kadi ya motokaa ya jina lake haijafika? Njia ipo. Kadi ya muuzaji ina kipande cha kijani kwa ajili ya mtunzaji mpya. Muuzaji hukikata na kumpa mnunuzi. Juu yake pana namba ya tarakimu 12. Kwa namba hiyo muuguzi wetu aweza kulipa kodi papo hapo kwa simu au kwa tovuti ya serikali, saa yoyote, usiku au mchana. Aweza pia kwenda posta inayoshughulikia kodi za magari. Asiondoke kwa muuzaji bila kipande hicho.

Akishalipa na kupata uthibitisho kwamba malipo yamepokewa, kodi imekwisha kulipwa. Hakuna kibandiko atakacholetewa. Akae akingoje, atangoja mpaka nywele ziote mvi! Kitakachokuja kwa posta ni kadi mpya yenye jina lake, na hiyo si ruhusa ya kuendesha. Kadi hueleza ni nani mtunzaji wa motokaa aliyeandikishwa, ili serikali ijue barua ipelekwe kwa nani. Hata umiliki haithibitishi, ndiyo maana stakabadhi ya manunuzi itunzwe vizuri.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: kadi isipofika, motokaa yaweza kwenda, maadamu kodi imelipwa. Lakini msikimbie na neno hilo moja. Yako mambo mengine mawili ambayo kodi haiyafuniki.

La kwanza ni bima. Kulipa kodi si kukata bima. Bima ya muuzaji haimlindi mnunuzi. Muuguzi wetu lazima awe na bima yake, iliyoanza kufanya kazi saa ile anapowasha motokaa, si kesho yake. Kosa hili ni zito kuliko la kodi. Anayekamatwa akiendesha bila bima aweza kutozwa pauni 300 na kuandikiwa alama 6 katika leseni yake, na polisi wana uwezo wa kuichukua motokaa palepale. Aliyefaulu mtihani wake wa kwanza wa udereva huko Uingereza chini ya miaka miwili iliyopita hunyang'anywa leseni kwa alama hizo 6. Mtu aweza kupoteza leseni kwa safari ya maili mbili.

La pili ni ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, wa kuangalia breki, taa, matairi na mengineyo. Katika Uingereza, Wales na Scotland huanza motokaa inapotimiza miaka 3. Katika Ireland ya Kaskazini, miaka 4. Motokaa inayostahili ukaguzi na haina cheti hai haikubaliwi kulipiwa kodi kwa tovuti. Iko ruhusa ya kuipeleka kwenye ukaguzi ulioahidiwa saa na mahali. Safari hiyo yaweza kufanywa hata bila kodi, lakini bila bima haiwezekani kamwe.

Sasa tuseme muuguzi wetu amefanya yote. Jumatatu alfajiri askari anamsimamisha. Asitetemeke, wala asibishane. Aeleze kwa adabu kwamba motokaa ameinunua Jumamosi, kodi ameilipa siku hiyo hiyo, na kadi haijafika. Daftari la kodi na lile la bima huenda yakachelewa siku chache kuonyesha mabadiliko, kwa hiyo ni busara kuwa na uthibitisho wa malipo na cheti cha bima karibu, hata vikiwa ndani ya simu. Akikosa kuonyesha leseni, bima au cheti cha ukaguzi pale barabarani, askari aweza kumpa siku 7 za kuvipeleka kituo cha polisi.

Na aliyeendesha bila kulipa kodi? Barua ya faini yaweza kumfikia nyumbani bila yeye kusimamishwa na mtu. Akifikishwa mahakamani, faini yaweza kufika pauni 1,000 au mara tano ya kodi ya mwaka, ile iliyo kubwa zaidi. Motokaa nayo yaweza kufungwa mnyororo wa gurudumu na kuvutwa.

Limebaki neno moja juu ya kadi. Kwa kuwa haihitajiki ili kuendesha, wengine huisahau. Hilo ni kosa. Muuzaji asipoarifu, barua zote zitakwenda kwake, na mnunuzi hatajua kwamba anadaiwa mpaka deni limekua. Zikipita wiki 4 bila kadi, muuguzi wetu aiulize DVLA, akiwa na kile kipande cha kijani. Anayekionyesha huombewa kadi bila malipo. Asiyekuwa nacho hulipa pauni 25. Tena atumie tovuti ya serikali yenyewe, kwani ziko nyingine zinazofanana nayo, ambazo hutoza ada ya juu kwa kazi ambayo angeifanya mwenyewe.

Basi tukumbuke utaratibu wake: kwanza bima, pili cheti cha ukaguzi kama kinatakiwa, tatu kodi, nne kuwasha motokaa. Kadi hufuata nyuma, na hakuna haja ya kuingoja.

Sasa maswali kwa vikundi. Moja: kwa nini muuzaji anayesema kweli kwamba alilipa kodi mpaka Desemba aweza kumtia mnunuzi hatiani? Mbili: katika bima, kodi na kadi, ni ipi ambayo mtu aweza kuendesha motokaa kabla haijamfikia mkononi, na kwa nini? Tatu: mwandikieni pamoja barua fupi ndugu aliyeko Uingereza anayetaka kununua motokaa Jumamosi hii, mkimweleza afanye nini kabla ya kugeuza ufunguo.